Wapigangoma Wasio na Majina: Uhakiki wa Utambulisho wa Wasanii katika Rekodi ya Burundi ya Mwaka 1967

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna wapigangoma wa Burundi waliorekodiwa mwaka 1967 walivyotambulishwa katika santuri na nyimbo zilizofuata. Yanadai kwamba kutotajwa kwao kulitokana na utaratibu wa kuhifadhi na kuuza sauti, na kwamba lugha ya Kirundi ni nyenzo ya kuurekebisha.

1.0 Utangulizi
Kreti ya bia inayotoka kiwandani katika Zone Industrielle ya Bujumbura hubeba jina la aliyeitengeneza. Santuri nayo ni bidhaa, na lebo yake huonyesha ni nani anayehesabiwa kuwa mtengenezaji. Santuri ya Musique du Burundi, iliyotolewa Ufaransa na Ocora mwaka 1968, inakumbukwa kwa jina la Michel Vuylsteke aliyeirekodi. Wapigangoma wanajulikana kwa jina la nchi tu. Mwaka 1971 Michel Bernholc, kwa jina la Mike Steïphenson, aliongezea ngoma hizo ala za kisasa na kuziita Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika The Jungle Line. Kila hatua iliongeza jina jipya, isipokuwa la mpigangoma.

2.0 Mbinu za Blues na Mipaka Yake
Utambuzi wa wanamuziki wa awali wa blues nchini Marekani hutoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 1929 kampuni ya Paramount ilimficha Charley Patton nyuma ya jina la The Masked Marvel, ikawataka wanunuzi wabashiri ni nani. Watafiti wa blues hutegemea namba za santuri, daftari za kampuni, ushahidi wa wazee na sikio linalotambua sauti na gitaa la mtu mmoja. Kwa ngoma nyingi zinazopigwa pamoja, sikio hilo halitoshi, kwani mkono mmoja humezwa na mingine. Hata hivyo, majina yangeweza kuandikwa. Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Kongo, mwaka 1952, aliandika jina lake, na jina hilo likasafiri pamoja na gitaa.

3.0 Ukoo, Kilima na Lugha
Katika ufalme wa Burundi, ngoma zilikabidhiwa koo za abatimbo, zikarithiwa na wana kutoka kwa baba zao katika vilima vinavyojulikana, kama Gishora. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Rekodi ilifanywa mwaka uliofuata. Sanaa iliyokuwa na nafasi yake katika utawala wa mwami ikasikika ughaibuni kama sauti ya taifa zima, bila mwenyewe. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza “huyu ni nani?”, mtafiti aulize “hawa ni wa kilima gani, wa ukoo gani?” Ngoma hizo huambatana na miito na majigambo ya Kirundi. Kuyanukuu kwa uangalifu, kisha kuwasikilizisha wazee, kunaweza kufungua mlango ambao lebo iliufunga.

4.0 Hitimisho
Suala hili si la wakusanyaji wa santuri pekee. Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kuipiga na kuyataka maonyesho yapate kibali cha wizara. Urithi usiotaja wenyewe husemewa na yeyote mwenye mamlaka. Inapendekezwa kwamba nyaraka za sauti zitenganishe lililothibitishwa, linalodhaniwa na lisilojulikana, ili dhana isigeuzwe jina. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1967 alizaliwa takriban mwaka 1947. Kazi ya kuwasikiliza mashahidi haiwezi kungoja kongamano lijalo.