Biti Kumi na Sita Zilizolindwa

Mwaka 1976 Gordon Bell na William Strecker waliandika tathmini ya PDP-11, kompyuta ya kampuni yao ya Digital. Mashine hiyo ilipendwa mno, lakini anwani zake zilikuwa za biti 16, na anwani ya biti 16 haivuki kilobaiti 64. Walikiri wazi kwamba katika usanifu wa kompyuta hakuna kosa gumu kurekebika kama kuweka biti chache za anwani.

Ugumu huo hautokani na kumbukumbu yenyewe, kwani hiyo huuzwa dukani. Upana wa anwani ndio unaosumbua, kwa sababu umeshajikita ndani ya kila programu iliyotafsiriwa kuwa lugha ya mashine. Umo katika rejista, katika jinsi sehemu moja ya programu inavyoikabidhi nyingine data, na katika ukubwa wa kila rekodi iliyohifadhiwa kwenye diski. Mapatano hayo yote ndiyo kiolesura cha kibainari. Anayetaka kuyapanua hufanya kazi ya fundi anayeongeza vyumba huku wenye nyumba wamo ndani, wamelala, na hataki hata mmoja wao aamke. Huo ndio ufundi ninaousifu hapa.

Tazama IBM. System/360, iliyosanifiwa na Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks, ilitangazwa mwaka 1964. Rejista zake zilikuwa za biti 32, ila anwani ilichukua biti 24 tu, yaani megabaiti 16. Biti nane za juu mashine ilizipuuza. Enzi hizo kila baiti ilikuwa na bei, na waandishi wa programu wakaona nafasi inakaa bure, wakaijaza alama zao. Desturi moja ikaenea kila mahali: anwani ya mwisho katika orodha ya vigezo iliwashiwa biti ya juu kabisa, kuonyesha kwamba orodha imekwisha.

Mwaka 1983 mfumo wa System/370-XA ukaja kupanua anwani. Ulifika biti 31, haukufika 32. Biti ile ya juu ilikuwa imeshapata wenyewe, nao hawakuweza kuondolewa bila kuvunja kazi za miaka karibu ishirini. Nusu ya nafasi yote, gigabaiti 2 kati ya 4, ikabaki nje ya mlango.

Hata hivyo, walichokifanya IBM na kile kilichosalia kinastahili heshima. Kila programu ilitaja yenyewe kama inaishi katika biti 24 au 31, na mashine ikapewa amri za kuita ambazo hubadili upana wa anwani katika tendo lilelile la kuruka kwenda kwenye programu nyingine. Kwa hiyo ya zamani na mpya ziliitana ndani ya kazi moja. Biti 64 zilipofika mwaka 2000, katika z/Architecture, programu za biti 24 ziliendelea kukubaliwa.

Apple ilipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Macintosh ya mwaka 1984 ilificha alama katika baiti ya juu ya anwani, kwa kuwa prosesa ya Motorola 68000 haikuitazama. Miaka saba baadaye System 7 ililazimika kubeba hali mbili, ya biti 24 na ya biti 32, na mtumiaji akaachiwa achague.

Kwangu mimi, kilele cha ufundi huu ni uamuzi wa AMD, ilipotangaza mwaka 2000 jinsi ya kuipeleka familia ya x86 kwenye biti 64. Anwani zilizotumika kweli zilikuwa za biti 48, yaani terabaiti 256. Biti 16 za juu hazikuachwa zipuuzwe. Iliamriwa kwamba zote zifanane na biti ya 47 (tukihesabu kuanzia sifuri), na programu ikitumia anwani isiyotii, prosesa inaikataa papo hapo. Nani angeingia humo na kujenga kibanda? Intel ilipoongeza ngazi ya tano katika majedwali ya kurasa, yanayotafsiri anwani za programu kuwa za kumbukumbu halisi, kila ngazi ikiwa na biti 9, anwani zikawa za biti 57, sawa na petabaiti 128, na nafasi ilikuwa bado ipo.

Wajanja hawakukosekana. Baadhi ya injini za JavaScript huweka alama zao katika biti hizo na kuzifuta kabla ya kuigusa kumbukumbu, hivyo prosesa haizikamati. Linux ikawajibu kwa upole ninaouhusudu: tangu toleo la 4.14 la mwaka 2017, kerneli, yaani kiini cha mfumo, haigawi anwani inayovuka biti 47 ila kwa programu iliyoomba yenyewe, kwa kutaja anwani ya juu inapoomba kumbukumbu. Isiyojua habari hizi inaendelea na kazi yake kama jana.

Walimu wa usanifu wa kompyuta katika vyuo vyetu, msiishie kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kukokotoa mbili kwa kipeo cha 48. Wapeni pia kisa cha biti ile moja ya mwaka 1983, kisha muwaonyeshe sharti la AMD, na muwaulize wao wangeandika sharti gani.