Utendi wa Mwana Kupona katika Darasa la Kikristo

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha hapa Kampala, tulihudhuria kipindi cha fasihi katika shule moja ya sekondari iliyoanzishwa na kanisa. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha kidato cha pili Utendi wa Mwana Kupona. Beti za mwanzo, ambamo mama anamwagiza bintiye aandike kwanza jina la Mungu na kumtaja Mtume, zilikuwa zimeondolewa kwenye karatasi za wanafunzi. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba aliambiwa shule ni ya Kikristo. Kipindi kiliishia kwa funzo moja ubaoni: mke amtii mume.

Suala hili linatugusa sote. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na shule nyingi za Uganda zina misingi ya kanisa.

Woga huu si mgeni. Askofu Alfred Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, alikipinga Kiswahili kwa kuwa alikiona kimefungamana mno na Uislamu. Hata hivyo, mmisionari mwenzake, Alexander Mackay, alikipendelea, na wasomaji wa kwanza wa Buganda walizisoma Injili kwa Kiswahili kabla Biblia ya Kiluganda haijakamilika mwaka 1896. Lugha ile ile iliyoogopwa ndiyo iliyowafikishia Neno.

Kwa maoni yetu, kipindi kile kilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni kufuta. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi huu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akafariki yapata mwaka 1860. Ni mama anayemwita bintiye aje karibu na wino na karatasi, kwa kuwa anajua hana muda mrefu. Ukiiondoa dua, umemwondoa mama huyo. Kinachobaki ni orodha ya amri tu.

La pili ni kuhubiri. Mwalimu aliyeogopa dini ya mtunzi hakuona taabu kuuchukua wosia wake kwa mume kana kwamba ni aya ya Biblia. Huo si mtazamo wa Kikristo, wala si uhakiki.

Mwalimu Mkristo ana nyenzo bora zaidi. Mithali sura ya 31 nayo ni mafundisho ya mama, aliyompa mwanawe, mfalme Lemueli. Wanafunzi wazisome kazi hizi mbili pamoja. Watagundua kwamba mke wa Mithali ananunua shamba na kupanda mizabibu, ilhali yule wa utendi anaelekezwa zaidi kumhudumia mume nyumbani. Waulizwe: kwa nini tofauti hii? Kila mama alimwandaa mtoto wake kwa maisha gani?

Vilevile, Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ubeti huo usirukwe. Usomwe pamoja na Waraka kwa Filemoni, ambamo Paulo anaomba Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa, si kama mtumwa tu. Hapo imani ya mwanafunzi itakuwa imempa swali la kuuliza, naye atajifunza pia kuwauliza Wakristo waliokuwa na watumwa huku waraka huo wakiusoma.

Hatusemi kila ubeti unamfaa mtoto wa miaka kumi na minne. Mwalimu ana haki ya kuchagua dondoo kulingana na umri, mradi awaambie wanafunzi kwamba ni dondoo. Kuficha imani ya mtunzi ni jambo jingine.

Katika madarasa yetu Waislamu na Wakristo huketi dawati moja. Mtoto wa Kiislamu akigundua kwamba dua ya mama yule ilifutwa, atajifunza nini kuhusu upendo wa jirani tunaouhubiri? Tunatoa rai kwa wanachuo watakaokwenda mazoezini muhula ujao: fundisheni utendi pamoja na bismillahi yake.