Freti za Setari na Sikio la Mpigaji Udi

Inadhaniwa kwamba mpigaji udi akishika setari ya Iran amepunguziwa mzigo. Udi hauna freti, kila sauti husakwa kwa kidole na sikio. Setari ina freti zaidi ya ishirini zinazomwonyesha pa kubonyeza. Dhana hiyo, kwa maoni yangu, haijaangalia freti zenyewe. Si vyuma vilivyopigiliwa kama vya gitaa. Ni uzi wa utumbo au nailoni uliozungushwa shingoni na kufungwa fundo, nao husogezwa. Kazi ya kutafuta sauti iko palepale, ila sasa inafanywa kabla ya kupiga, na wa kuifanya ni yuleyule mwenye sikio.

Vipimo vinaonyesha. Uzi wa setari una kama sentimita 65. Muziki wa Kiajemi una hatua zilizo kati ya nusutoni na toni kamili, na mtaalamu wa muziki huo Hormoz Farhat alizitenga mbili: ndogo ya senti 135 hivi na kubwa ya 160 hivi, nusutoni ikiwa senti 100. Tofauti ni senti 25. Mahali ambapo uzi unaotikisika umebaki sentimita 55, senti hizo ni kama milimita 8 za shingo. Kwenye udi kidole kilichopotea hujirekebisha papo hapo, msikilizaji asijue. Freti iliyokaa vibaya hurudia kosa lake kila inapoguswa. Mpigaji udi wa Unguja aliyezoea maqam ya Rasti atazitambua sauti hizi kuwa jamaa za zile anazozijua, lakini kimo si kilekile, kwa hiyo hata mazoea yake inabidi ayapime upya.

Patakuwa na wa kusema kwamba kidole kinaweza kuuvuta uzi pembeni. Kinaweza, ila kuvuta hupandisha sauti tu. Freti iliyofungwa juu mno haina dawa isipokuwa kusogezwa. Mwingine atasema mpiga gitaa ndiye anayefaa zaidi, maana vidole vyake vimeshazoea freti. Vidole, ndiyo. Lakini amezoea kuziamini, naye anaweza kupiga Shur nzima, mojawapo ya mifumo ya sauti ya Kiajemi, juu ya freti iliyohama bila kushtuka. Mpigaji udi atashtuka mapema, hata kama vidole vyake bado vinakosea: vimezoea kutua pale sauti ilipo, yaani juu ya freti yenyewe, na sauti hutoka imezibwa. Vinatakiwa virudi nyuma kidogo tu.

Kinachomgharimu zaidi ni ramani ya shingo. Shingo ya udi huishia karibu theluthi ya uzi, hivyo hubeba sauti tano tu za ngazi, na wimbo hupanda kwa kuvuka nyuzi huku mkono umetulia. Shingo ya setari hubeba zaidi ya oktava, na wimbo husafiri sana juu ya uzi wa kwanza, mkono ukiteleza pamoja nao. Risha ya kupigia udi nayo inawekwa kando. Kinachopiga ni ukucha wa kidole cha shahada. Nyuzi za jirani, ambazo mkono wa udi umefundishwa kuzikwepa, hapa huachwa ziitikie, ukiwemo ule wa nne ambao mapokeo yanasema uliongezwa na darwishi Moshtagh Ali Shah katika karne ya 18.