Neno "Taboo" na Mwiko Wetu

Nikisahihisha madaftari ya wanafunzi naona kosa moja larudi kila mwaka. Neno la Kiingereza "taboo" hutafsiriwa "mwiko", kisha mwanafunzi hupita mbele kana kwamba kazi imekwisha. Kamusi ndizo zilizomfundisha hivyo, wala simlaumu. Walakini yafaa tulipime neno hili.

Kwa asili si neno la Waingereza. Kapteni James Cook alilisikia katika visiwa vya Tonga mwaka 1777, akaliandika katika habari za safari yake, zikapigwa chapa London mwaka 1784. Watu wa Tonga husema "tapu", na Wamaori vivyo hivyo; wa Hawaii husema "kapu" (kwetu kapu ni la kubebea mizigo, lakini tuyaache hayo). Kwao kitu kilikatazwa kwa kuwa ni kitakatifu, au ni cha mfalme, au kimegusana na maiti. Utakatifu na hatari vilikaa pamoja. Huko Hawaii wanawake hawakuruhusiwa kula pamoja na wanaume, wala kuonja nyama ya nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi, hata mwaka 1819 mfalme Liholiho alipoketi na wanawake akala nao mbele ya watu.

Hapo mwiko wetu wafanana nalo kweli. Mgonjwa hushika miiko ya mganga, na ukoo hushika mwiko wa mnyama asiyeliwa. Auvunjaye hungoja madhara, ijapokuwa hakuna askari wa kumkamata. Kwa hiyo mwiko si marufuku, maana marufuku hutoka kwa mwenye amri, na adhabu hutoka kwake pia.

Lakini Waingereza wamelitumia neno hili hata limechakaa. Siku hizi, mara nyingi, "taboo" kwao ni jambo ambalo watu waona haya kulitaja, kama mshahara wa mtu au maradhi yake. Hapa ndipo tafsiri yetu inapotudhuru. Nimesoma makala za afya zisemazo kwamba kuzungumza na vijana habari za UKIMWI ni mwiko katika desturi zetu, nami nadhani mwandishi alitaka kusema kwamba watu huona aibu. Mzazi akiambiwa ni aibu, aweza kujikaza akasema. Akiambiwa ni mwiko, ataona heri anyamaze, kwa kuwa kunyamaza ndiko kuwatii wazee.

Nao wazee hawakunyamaza! Katika makabila yenye jando na unyago, mambo ya mwili yalifundishwa waziwazi kuliko tunavyothubutu sisi. Uliokuwapo mara nyingi ni mwiko wa mzazi kuyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Basi kazi hiyo alipewa kungwi, au bibi, nayo ikafanyika. Makala zile zimeutaja mwiko zikamsahau kungwi.

Sasa nawaagiza wanafunzi waulize kwanza, je, mvunjaji aogopa madhara, au aogopa macho ya watu tu? Akiogopa macho ya watu, waandike "jambo la kuonea haya", ingawa ni maneno mengi. Mmoja aliuliza kama hatuwezi kuandika "tabu", maana latamkika sawasawa. Nikamwambia hapana, tabu tunayo tayari.