Amri Si Vazi la Mtu Mmoja

Kuna vitabu vya kuchekesha ambavyo ukivifunga, kicheko kinaisha na swali linabaki. The Year of Living Biblically ni kimojawapo. Kilitoka mwaka 2007, na mwandishi wake ni A. J. Jacobs, mwandishi wa majarida kutoka New York. Wazo lake halihitaji maelezo marefu: mwaka mzima afuate Biblia neno kwa neno, kila amri anayoiweza, katikati ya jiji la teksi na lifti. Jacobs ni Myahudi wa kuzaliwa, ila nyumbani kwao dini haikuwa na uzito wowote. Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kuhusu kuisoma ensaiklopidia ya Britannica kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Yaani ni mtu wa miradi. Akimaliza mmoja, anatafuta mwingine.

Alianza kwa kuketi na kuorodhesha kila agizo aliloliona. Orodha ikafika kurasa 72, amri zaidi ya 700. Mapokeo ya Kiyahudi huhesabu amri 613 katika Torati. Yeye alikusanya na maonyo, ushauri, na mambo ya Agano Jipya pia. Kisha akaingia kazini. Akaacha ndevu ziote hadi watu wa mtaani wakawa wanamkodolea macho. Akavaa nyeupe tupu, akajifunga vishada kwenye nguo. Akamwita nyumbani mtaalamu wa kukagua mavazi kwa hadubini, ahakikishe hakuna sufu iliyochanganywa na kitani.

Tuseme ukweli: ingekuwa rahisi sana kuwadhihaki waumini halafu akachukua pesa zake akaenda. Jacobs hakufanya hivyo. Alitafuta marabi na wachungaji wa kumshauri, akawatembelea watu wanaoishi kwa amri hizi bila kamera wala mkataba wa kitabu. Na amri zikamgusa. Mtu asiyejua kutulia akaonja Sabato akaipenda. Maombi ya shukrani, aliyoyaanza kama zoezi tu, yakamfanya aone vitu vidogo ambavyo zamani alivipita mbio. Kurasa hizo ni nzuri, na ni za kweli.

Lakini hebu tazama mahali kitabu kinapowaka moto. Mambo ya Walawi inasema mwanamke akiwa katika siku zake, kila anachokikalia ni najisi. Jacobs akaanza kuuchunga mwili wake usiguse kitu. Mkewe, aliyekuwa amechoshwa na mradi huu, akaisoma sheria hiyo hiyo, kisha mume alipokuwa nje akazunguka nyumba nzima akikalia kila kiti. Kila kiti! Bwana akabaki kusimama, na mwishowe akajinunulia kigoda cha kukunja cha kutembea nacho.

Mahali pengine ni bustanini. Jacobs alitaka kutimiza ile amri ya kuwapiga mawe wazinzi, kwa hiyo akabeba changarawe mfukoni, mawe madogo yasiyoweza kumuumiza mtu. Akakutana na mzee mmoja mkali aliyemuuliza kwa nini amevaa hivyo. Alipoelezwa, mzee akakiri kwamba yeye mwenyewe ni mzinzi, akamnyang'anya changarawe na kumrushia. Jacobs naye akamrudishia moja. Amri imetimia, ati!

Unaona kitu kimoja katika visa hivi viwili? Kitabu kinapata uhai pale mtu mwingine anapojibu. Mke anaisoma aya na kuigeuza imwelekee msomaji wake. Mzee anakataa kuwa kifaa katika mradi wa mtu. Kurasa ambazo Jacobs yuko peke yake na orodha yake zinafurahisha, lakini amri ndani yake ni kama vazi: unalivaa asubuhi, watu wanashangaa, unalivua mwaka ukiisha. Shida yangu na kitabu hiki iko hapo hapo. Jacobs anadhani kufuata amri neno kwa neno ndiyo njia ya kuichukulia kwa uzito. Wale waliozitunza amri hizi kwa miaka elfu mbili walifikiri tofauti kabisa.

Chukua huo upigaji mawe. Marabi wa Mishna, iliyokusanywa kama miaka 200 baada ya Kristo, hawakuifuta aya. Walifanya jambo gumu zaidi. Wakauliza: nani alishuhudia? Lazima mashahidi wawe wawili. Je, mkosaji alionywa kabla ya kutenda? Kesi isikilizwe na mahakama ya waamuzi 23. Wakaongeza kwamba mahakama inayomuua mtu mmoja katika miaka saba huitwa mharibifu. Na mmoja wao, Eleazar ben Azariah, akasema hata mara moja katika miaka 70. Aya ilibaki palepale ilipoandikwa, lakini kati yake na shingo ya mtu ukajengwa ukuta mrefu wa maswali. Changarawe za Jacobs zinatuchekesha kwa sababu hazina hatari. Marabi walijua jiwe ni jiwe.

Au chukua amri isiyochekesha mtu, ile ya mshahara. Torati inakataza kulala na ujira wa kibarua. Apewe siku hiyo hiyo, kwa maana ni maskini na moyo wake uko kwenye pesa hiyo. Amri hii ingemaliza ukurasa mmoja wa mradi. Kwa marabi ilizaa mjadala mrefu. Aliyefanya kazi mchana analipwa lini? Ana usiku mzima wa kudai. Aliyefanya kazi usiku? Ana mchana mzima. Wa wiki je, wa mwezi je? Na mwajiri akimwelekeza kibarua kwa mwenye duka amlipe badala yake, amekosa au hajakosa? Halafu Talmudi inauliza swali linalonikaa rohoni: huyu mtu alipanda ngazi akaning'inia mtini, akauweka uhai wake hatarini, kwa sababu gani kama si kwa ujira wake?

Yeyote aliyewahi kupita karibu na mjengo wa Nairobi anawajua watu hao walioko juu ya mbao ghorofa ya sita. Anaijua pia Jumamosi jioni ambapo msimamizi anasema mtandao wa simu umelala, rudini Jumatatu. Hapo ndipo amri inapokutana na maisha ya kila siku, na haihitaji ndevu. Inahitaji watu wawili, mwenye pesa na mwenye jasho, na jamii inayosimama katikati yao ikisema: jua limezama, lipa.

Mwishoni Jacobs anafikia hitimisho kwamba kila mtu huchagua. Hakuna anayefuata yote. Sote tunaingia katika dini kama tunaingia hotelini, tunachukua hiki na kuacha kile, na la muhimu ni kuchagua vyema. Ni neno la uaminifu. Lakini limeishia njiani. Swali si kama tunachagua, ni tunachagua na nani. Mishna inahifadhi maoni ya shule ya Hillel na ya shule ya Shammai bega kwa bega, hata pale Shammai alipokwisha kushindwa. Aliyeshindwa leo anaachiwa kiti chake mezani, kwa kuwa kesho huenda akahitajika. Mtu mmoja na orodha yake hana wa kushindana naye. Anachagua, anajipongeza, basi.

Ukitaka kuona mradi wa neno kwa neno uliokataa kuwa mradi, huhitaji kwenda New York. Panda basi mpaka Mbale. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda kisha akakosana nao, alisoma Torati katika Biblia ya Kikristo na kuamua kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Akatahiriwa, yeye na wanawe. Hapakuwa na rabi wa kumwongoza. Mpaka hapo anafanana na Jacobs: mtu, kitabu, na ukaidi.

Ila Kakungulu hakuwa peke yake na hakuwa na tarehe ya mwisho. Baadaye Myahudi aliyeitwa Yosef alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda na sheria za chakula, na wakarekebisha mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa kukisia. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Amri hazikufa naye. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi walijitenga nayo, wachache wakaendelea kwa siri. Mwaka 2008 mmoja wa vijana wa jamii hiyo, Gershom Sizomu, aliwekwa wakfu kuwa rabi huko Marekani na kurudi nyumbani kufundisha. Abayudaya wapo hadi leo. Walianza kwa neno lililoandikwa, wakabaki kwa sababu waliligawana: la kufundishana, la kusahihishana, la kufichiana siri wakati wa hatari.

Someni Jacobs. Mtacheka, na mke wake mtampenda. Lakini mkifika ukurasa wa mwisho, pale anaponyoa ndevu na kurudi kwa maisha yake, jiulizeni ni nani katika kitabu chote hiki alilipwa mapema, alilindwa, au alipumzika kwa sababu ya mwaka ule. Mkipata jina, hiyo amri ilitimizwa. Zingine zilivaliwa tu.