Bei ya Gari Imejificha Kwenye Paa

Mpwa wangu wa Koboko anakodisha magari ya arusi. Ana Premio mbili na Noah moja, na msimu uliopita wateja watatu walimuuliza kama ana gari la wazi, lile ambalo bibi arusi husimama ndani yake akapunga mkono, mji mzima ukamwona. Akalipata Arua: Mazda Roadster ya 2001, injini ya 1.6, paa la turubai la kukunja, nambari za Uganda. Muuzaji alitaka shilingi milioni 18. "Mjomba, njoo ulitazame kabla sijatoa arabuni." Nikaenda.

Neno la kwanza la muuzaji lilikuwa kwamba gari kama hili hatutalipata tena. Ni kweli. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na Roadster za vizazi viwili vya mwanzo, za 1989 hadi 2005, zote zimeshavuka umri huo. Zilizobaki ni zile zilizokwisha sajiliwa nchini. Lakini kitu adimu hupanda bei pale tu wanunuzi wanapokigombania, na Arua kinachogombaniwa ni Probox. Roadster hii ilikuwa imekaa chini ya mwembe hadi majani makavu yakajaa chini ya waipa. Majani yale yalitueleza mengi kuliko muuzaji.

Tukapiga hesabu ya kuagiza kutoka Japani, kwa viwango vya wakati huo. Tuseme gari limefika Mombasa, bima na nauli ya meli ndani, kwa milioni 10. Ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 2.5. VAT ya 18% hupigwa juu ya 12.5, si juu ya 10, nayo ni milioni 2.25. Kodi ya zuio ya 6% ni laki 6, tozo ya miundombinu ya 1.5% ni laki 1 na nusu. Na kwa viwango vilivyowekwa 2018, gari la miaka 9 na kuendelea huongezewa tozo ya mazingira ya 50%, yaani milioni 5. Jumla milioni 20.5, kabla ya nambari na kabla ya dereva wa kulileta Arua. Gari la miaka 8 halina tozo hiyo ya mazingira, kwa hiyo la milioni 13.2 Mombasa huishia kwenye 20.5 ile ile. Anayetazama bei ya Japani peke yake hukimbilia lile kuukuu, akalipia uzee wake forodhani. Ila kwa magari ya wazi hesabu hii ilitufungia mlango: Roadster ya miaka 8 iko mbali mno na mfuko wa mpwa wangu.

Kuhusu magari ya ng'ambo ya mpaka wa Oraba yenye nambari za Sudan Kusini, sitasema mengi. Bei yake huchekesha kwa sababu kodi ya Uganda haimo. Iongeze, kicheko kinakwisha. Na gari likiwa limefikisha miaka 15, halisajiliki hata ukilia.

Tukarudi chini ya mwembe. Gari la kawaida hupata sehemu kubwa ya uimara wake kutoka kwenye paa. Ukiliondoa paa, mzigo mwingi huhamia kwenye vizingiti, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango. Kwa hiyo kabla ya kufungua boneti tuliweka jeki kwenye kona moja ya nyuma, tukainua, kisha tukafungua mlango na kuufunga. Ukigoma au ukikwaruza, bodi inapinda. Wa kulia ulikwaruza. (Jaribio hilohilo litakufichulia sedani iliyokatwa paa na fundi wa mtaani. Hiyo usiinunue kwa bei yoyote.)

Kisha maji. Funga paa, kaa ndani, mtu amwage jerikani nzima juu taratibu, na wewe upapase zulia nyuma ya viti. Roadster ina mifereji midogo hapo inayoshusha maji ya paa hadi chini ya gari. Ikiziba kwa majani na vumbi jekundu, maji hutuama, na kizingiti huanza kuoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeta. Tulipitisha waya kwenye mfereji wa kulia. Ulitoka na tope. Nikagonga kizingiti kwa kipini cha bisibisi. Mlio ulikuwa mzito, wa chuma kilichokwisha kula chumvi yake.

Injini? Nzima. Injini hizo ni ngumu, sikupoteza muda.

Bei tuliipata hivi. Corolla ya umri ule yenye hali ya wastani ilikuwa ikiuzwa Arua kwa milioni 13, tukaanzia hapo kana kwamba Mazda nayo ni gari la kawaida tu. Turubai jipya la kuagiza pamoja na kazi, toa milioni 3. Kuchomelea vizingiti, toa moja na nusu. Matairi, toa moja. Ikabaki 7.5. Raha ya upepo sikuiongezea hata shilingi, kwa kuwa siku mpwa wangu atakapotaka kuuza, hakuna atakayemlipa kwa ajili yake.

Na kuna barabara. Kutoka Vurra hadi Oraba, kupitia Arua na Koboko, ni kilomita 92 za lami, na hapo Roadster itateleza vizuri. Lakini arusi hazifungwi lamini tu. Ukikata kona kuelekea kijijini unakuta moramu, na gari lile tumbo lake liko karibu na ardhi kama la kenge.

Muuzaji alisema hatuna pesa, tunapoteza muda wake. Labda.

Mpwa wangu alichukua Suzuki Escudo fupi ya miaka ya 90, ile ya turubai kwa nyuma. Haina urembo wa Mazda. Lakini imekaa juu ya fremu yake kama lori dogo, hivyo kukosa paa hakuilegezi, na inapanda popote. Turubai lilikuwa limechanika. Fundi wa sokoni anayeshona maturubai ya malori alilikata jipya akilipimia juu ya lile la zamani, siku mbili likawa tayari.

Juzi muuzaji wa Mazda alipiga simu. Sasa anataka milioni 14.