Fito Mbili, Cheni Moja

Karatasi ya makadirio niliyopewa dukani ina mistari mitatu. Wa kwanza unataja Boxer BM 150 mpya, rangi yake na bei yake. Wa pili umeandikwa "pikipiki ya zamani", na mbele yake laki nne. Wa tatu ni tofauti ya hizo mbili, yaani fedha nitakayoongezea juu ili niiache ya zamani na kuondoka na mpya. Mstari wa pili ndio unaonisumbua, kwa kuwa ndio pekee usio na jina. Kilichofichwa nyuma ya kivumishi hicho ni Honda CG 125 ya volti 6 niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, na kijana aliyeikadiria aliisoma kwa muda wa kugeuza kadi na kupapasa tangi. Hakuiwasha. Tathmini ya matini ambayo msomaji hakuifungua inaweza kuwa sahihi kwa bahati, lakini haiwezi kuitwa usomaji, na ndiyo sababu nimeiweka karatasi hiyo mezani wiki mbili sasa huku nikizipitia pikipiki zote mbili kwa subira ninayoipa kazi yoyote ya ufundi, nikitazama muundo wake, mbinu zake, na kile ambacho muundo na mbinu hizo humfanyia anayezitumia.

CG ilianza kuuzwa mwaka 1976, na muundo wake haueleweki vizuri bila kumjua msomaji iliyemkusudia. Kabla yake Honda walikuwa na CB 125, injini ambayo kemushafti yake inakaa juu kabisa, kichwani, mahali ambapo oili hufika baada ya safari ndefu. Katika nchi za joto na vumbi injini za aina hiyo zilikufa mapema, kwa sababu wenye nazo walibeba mizigo kupita kiasi, waliongezea oili badala ya kumwaga chafu na kuweka mpya, na filta ya hewa ikiziba waliitoa tu wakaendelea na safari. Wahandisi wangeweza kumlaumu msomaji huyo. Walichagua kutunga upya kwa ajili yake. Waliishusha kemushafti kutoka kichwani hadi chini, karibu na krenki na karibu na oili, wakaiendesha kwa gia badala ya cheni, kisha wakapitisha fito mbili nyembamba za chuma kando ya silinda ili zipeleke mwendo juu kwenye valvu. Uzembe wa mwenye pikipiki, ambao kwingine ni ajali inayoikuta kazi ikiwa imeshakamilika, hapa umeingizwa ndani ya utunzi wenyewe na kupewa nafasi yake mapema.

Ila mbinu inayonifanya niiheshimu zaidi imejificha kwenye hiyo kemushafti. Injini nyingi hutengewa nundu mbili, moja ya kufungua valvu ya kuingiza na nyingine ya valvu ya kutoa moshi. CG ina nundu moja, ambayo ikizunguka huinua ufito wa kwanza, na ikiendelea na mzunguko uleule huinua wa pili. Ni neno moja lililotamkwa mara moja na kubeba maana mbili, kwa kuwa wasikilizaji wake wawili wamewekwa pembe tofauti. Nimelitafuta jambo la kulifananisha nalo katika ushairi wetu, na la karibu nililolipata ni kibwagizo kinachorudi kila ubeti bila kubadilika silabi, huku kila ubeti ukikigeuza maana kidogo. Uchumi huu una gharama. Valvu mbili zenye mahitaji tofauti hulazimika kuufuata mkunjo mmoja, kwa hiyo injini haipendi kuharakishwa, na ukiilazimisha spidi hukujibu kwa kelele kuliko kwa nguvu. Naihesabu gharama hiyo kuwa sehemu ya mtindo wake, kama tunavyohesabu kuwa sehemu ya mtindo wa utenzi ule mshororo wa mizani 8 usioruhusu mtunzi kujitanua. Kava la cheni ya nyuma, ambalo limeifunika cheni nzima isione vumbi, ni hoja ileile ikirudiwa kwa sauti ya chini, na sitaliongezea maneno.

Sifa ninayotaka kuipa jina katika umbo hili ni usomekaji: kiwango ambacho umbo la kitu humruhusu anayekitumia kujua hali yake ya ndani bila kukivunja. Fundi wangu pale Soni haanzi na spana. Huiacha injini kwenye sailensa, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kava la tapeti na mpini wake kwenye sikio, kisha hufumba macho. Mwezi uliopita nilimpelekea pikipiki nikiwa na furaha, kwa kuwa ile tik-tik ya siku zote ilikuwa imefifia na mimi nilidhani injini imepata nafuu. Akasikiliza kidogo tu.

"Mwalimu, hii imenyamaza vibaya," akasema. "Tapeti ya ekzosi imebana."

Nafasi inayotakiwa kati ya tapeti na valvu yake ni milimita 0.08, unene ambao jicho halina la kusema juu yake, na kazi yake ni kuihakikishia valvu kwamba ikishafunga imefunga kweli. Nafasi hiyo ikipotea kelele hupungua, valvu hukaa wazi kidogo pale ilipopasa kutulia, na moto huanza kuila. Kwa hiyo sauti niliyoivumilia miaka yote kama kikohozi cha uzee ni mkato ulio mahali pake, pumziko fupi linalotenganisha tendo na tendo, na ukimya nilioufurahia ulikuwa kosa la uakifishaji. Sijui chombo kingine nyumbani kwangu kinachosema ukweli kuhusu nafsi yake kwa uwazi wa namna hiyo, mradi awepo mtu aliyejifunza kusikiliza. Nakiri kwamba mtu huyo sikuwa mimi.

Kabla ya kuivuka CG, lazima niseme neno kuhusu wazao wake. Idadi kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaza vijiwe vyetu zinaendeshwa na injini zilizonakiliwa kutoka kwayo, fito zilezile, mpangilio uleule, zikibadilishiwa tangi, siti na chapa. Na chapa moja kati ya hizo, Toyo, ilienea kiasi kwamba sehemu nyingine za Tanzania jina lake likawa jina la pikipiki yoyote. Huu ni mwingilianomatini wa wazi kabisa. Abiria anayesema kwamba Honda ya zamani haipandiki tena huenda aliipanda asubuhi hiyohiyo chini ya jina jingine. Kwa mmiliki, faida ya jambo hili inashikika mkononi: pistoni, ringi na sahani za klachi zilizokusudiwa nakala nyingi huingia katika asili, na zinazokataa mara nyingi hukubali baada ya kusuguliwa kidogo kwa tupa. Asili inaendelea kuishi kwa damu ya nakala zake.

Sasa Boxer. Jina lake lina historia ya ubia, kwa kuwa Bajaj wa India walianza kulitumia wakati wakishirikiana na Kawasaki wa Japani, na hata hii ya sasa ina ukavu wa mstari ambao mimi nauona kuwa wa Kijapani kuliko wa Kihindi. Katika umbo lake kemushafti imepandishwa tena kichwani na kuendeshwa kwa cheni ya taimingi, yaani imerudi palepale CG ilipopakimbia. Mhakiki mwenye haraka angeandika hapo kwamba mpya imesahau funzo la ya zamani. Nadhani angekosea, kwa sababu msomaji amebadilika. CG ilimtarajia mwenye pikipiki anayeipuuza; Boxer inamtarajia dereva wa bodaboda, ambaye maisha yake yote yamefungwa kwenye chombo hicho, anayemwaga oili kwa ratiba anayoijua kama anavyozijua tarehe za marejesho, na ambaye kijiwe chake hakikosi fundi hatua chache kutoka hapo. Ukiwa na msomaji makini kiasi hicho unaweza kumwandikia kwa ugumu zaidi. Cheni ya taimingi ikilegea nayo hutoa mkwaruzo wake, na aliyezoea huusikia. Kwa hiyo usomekaji haujafutwa, umehamishiwa kwa kundi jingine la wasomaji ambalo mimi bado sijajiunga nalo.

Uzuri mkubwa wa Boxer uko kwenye vipimo viwili ambavyo karatasi ya makadirio haikuvitaja. Kipenyo cha silinda ya CG ni milimita 56.5, na cha Boxer ni 56, kwa hiyo ukizitazama pistoni zao mezani, juu kwa juu, utasema ni ndugu. Tofauti iko kwenye safari. Pistoni ya CG husafiri milimita 49.5 kutoka chini hadi juu. Ya Boxer husafiri 58.8. Zile milimita tisa na kitu ndizo zinazoipeleka injini kutoka sentimita za ujazo 124 hadi karibu 145, na zinaipeleka kwa kurefusha mshororo bila kuupanua ukurasa. Anayeendesha anaupokea urefu huo kwa kiganja cha mkono wa kulia: katika mzunguko wa chini, mahali ambapo CG huomba gia ndogo, Boxer bado ina pumzi ya kumalizia sentensi. Uwiano si wa kuruka kutoka mizani 8 hadi 16, lakini hisi ya kutoka kwenye utenzi na kuingia kwenye shairi la ukwapi na utao ni hiyohiyo, ya kupewa nafasi ya kugeuka katikati ya mstari bila kuukata. Nyuma, shokapu zake zina springi ndani ya springi, mbinu ambayo msomaji wa hadithi ndani ya hadithi ataitambua bila kufundishwa, na siti yake ndefu iliyonyooka pamoja na keria pana nyuma yake zinakubali tangu mwanzo kwamba anayeendesha hayuko peke yake.

Nilizijaribu zote mbili kwenye barabara moja, kwa kuwa maumbo mawili hayalinganishwi vizuri yakijibu maswali tofauti. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda Usambara, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, kona ikizaa kona hadi upitie Soni. Boxer niliazimwa na jirani. Asubuhi, nikiwa peke yangu na ubaridi wa Julai ukinibana vidole, CG ilikuwa bora kwa namna nisiyoweza kuitetea mbele ya mtu aliyeshika kalamu ya bei. Ilivutiwa choki, ikapigwa kiki mara mbili, ikaanza kuhesabu, na kila kona niliijua kwa sauti kabla sijaiona, kwa kuwa injini isiyoficha kitu humlazimisha mwendeshaji kuendesha kwa masikio.

Jioni ilikuwa matini nyingine. Tangu mwanzo wa mwaka huu mke wangu anafanya kazi Korogwe, na siku tatu kwa wiki nashuka Mombo kumpokea anapoteremka kwenye basi, mara nyingi giza likiwa limeshaingia na yeye akiwa na mfuko wa mchele au dumu la mafuta. Tunapanda watu wawili na mzigo. Taa ya pikipiki yangu hula umeme kwa kadiri injini inavyozunguka. Katika kona ya kupanda, pale uzito unapoivuta injini chini na mguu haujawahi kushusha gia, mwanga nao hunywea, ukawa wa manjano, kisha wa kahawia. Ni sekunde moja, au moja na nusu. Lakini ni sekunde ileile ambayo ukingo wa korongo uko mbele ya gurudumu, na katika sekunde hiyo mara mbili nimeusikia mkono wa mke wangu ukikaza kiunoni kwangu bila yeye kusema neno. Hili haliondoki kwa kusafisha platini wala kwa kubadilisha betri, nimejaribu vyote. Mwanga umefungwa kwenye mzunguko wa injini, na barabara hii hupunguza mzunguko palepale inapodai mwanga. Aliyeitunga alifikiria vumbi, oili chafu na gunia la mahindi, na kwa hayo alitunga kwa ukamilifu ambao sijauona mahali pengine. Mteremko wa Mombo saa mbili usiku, na mtu wangu nyuma, haukuwamo.

Boxer ya jirani, yenye volti 12, ilipanda kona zilezile na mzigo uleule bila taa yake kufumba jicho, na nilipofika Soni nikagundua kuwa gia ya kwanza sikuwa nimeigusa.

Nitabadilisha. Jumamosi nitashuka na CG dukani, na Ijumaa kabla yake nitaipitisha Soni ili fundi azipime tapeti zote mbili na kuzirudishia ile nafasi yao ya milimita 0.08. Bei ya laki nne sitaijadili. Nitamwomba kijana afute maneno matatu ya mstari wa pili na kuandika jina mahali pake, kisha, kabla hajapiga muhuri, apige kiki.